Malindi na Wageni Wake

Sisi watu wa Kisangani maji si mageni kwetu. Mto Kongo wapita mlangoni petu, na pale penye maporomoko kila mtu amekwisha kuwaona Wagenia: jinsi walivyosimika miti mikubwa katikati ya mkondo, jinsi wanavyotega migono yao, na jinsi wanavyojitosa mahali ambapo sisi wengine hatungethubutu hata kunawa miguu. Lakini maji ya chumvi wengi wetu hatujayaona. Hata hivyo Kiswahili tunachosemeana sokoni kilitoka huko huko kwenye maji ya chumvi. Kililetwa na misafara ya Tippu Tip na wenzake katika miaka ya 1870 na 1880, pamoja na mambo mengine ambayo wazee wetu hawakuyapenda hata kidogo. Basi yafaa tuijue miji ya pwani, maana ni kama kumjua ukoo wa mtu anayekaa nyumbani mwako siku zote.

Leo twataka kuzungumza juu ya Malindi, mji wa Kenya ulio kiasi cha kilometa 120 kaskazini ya Mombasa, karibu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini.

Ukimwuliza mtu wa Ulaya habari za Malindi, atakutajia mchanga mweupe, minazi, hoteli, na kuzamia. Kuzamia kwenyewe ni jambo la kustaajabisha. Mtu huvaa miwani mikubwa usoni na mapezi ya mpira miguuni, hujifunga mgongoni mtungi wa chuma ulioshindiliwa hewa, kisha hushuka chini ya bahari akipumua kama aliye kitandani mwake. Chombo kinachompimia hewa hiyo kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943. Lakini bahari haichezewi. Kila mita 10 anazoshuka, uzito unaomkandamiza huongezeka sawasawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo ni marufuku kupanda upesi, maana ile hewa iliyoingia katika damu ingefoka povu kama chupa ya bia iliyofunguliwa ghafula, na mtu angelemaa au kufa.

Na huko chini huenda kutazama nini? Matumbawe. Wengi hudhani kwamba matumbawe ni mawe, wengine kwamba ni mimea. Sivyo. Ni vinyama vidogo sana, vinavyokaa pamoja kwa maelfu na maelfu na kujijengea nyumba za chokaa. Vya zamani hufa, vipya hujenga juu ya nyumba za vilivyokufa, hata baada ya miaka isiyohesabika mwamba mzima umesimama mbele ya pwani na kuyavunja mawimbi makubwa. Ndani ya mwamba huo hukaa pono wa rangi za kila namna, tewa, changu, mikunga wenye meno makali, na kasa hupita polepole kama mzee anayetoka kusali. Watu wa kale wa Malindi waliukata mwamba huo huo wakajengea nyumba na misikiti, na wakauchoma wakapata chokaa. Mji umetoka baharini kweli kweli.

Lakini sisi hatukukusudia kuandika tangazo la hoteli. Twataka kusema juu ya wageni waliotangulia, maana Malindi imekuwa ikipokea wageni kwa muda wa miaka mia sita na zaidi, na historia yake yote ni hesabu ya yale iliyoyapata kwao na yale iliyolipa.

Ili kufahamu habari hizi ni lazima kujua pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Novemba au Desemba hata Machi, ikivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha upepo hugeuka, kusi huanza mwezi wa Aprili, nayo huvirudisha vyombo kwao. Mungu aliiweka kazi hiyo kabla ya mashini, na watu wa pwani walipanga maisha yao yote kwa pepo hizo: biashara, arusi, hata madeni.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na zawadi ya twiga kwa mfalme Yongle. Wachina walikuwa wamemwona twiga mmoja mwaka mmoja kabla, aliyeletwa kutoka Bengali. Lakini huyu alikuja kutoka kwa wenye nchi ya twiga. Wakamfananisha na mnyama wa baraka anayetajwa katika hadithi zao za kale, na mfalme mwenyewe akatoka kumlaki penye lango la kasri. Baadaye merikebu za amiri Zheng He, zilizoondoka mwaka 1417, ziliwarudisha wajumbe wa nchi za mbali makwao, zikafika na pwani ya Afrika. Kumpeleka twiga baharini safari ya miezi mingi, na kumlisha, na kumsimamisha chombo kinapoyumba! Twapenda kudhani kwamba hao mabaharia walipofika walikuwa na mengi ya kusimulia.

Kisha wakaja Wareno. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, wakati wa Kwaresima, na huko mambo yakaharibika. Kila upande ukashuku upande wa pili. Akaondoka, na tarehe 14 jioni, siku ya kuamkia Pasaka, akatia nanga mbele ya Malindi. Sultani wa Malindi alikuwa mshindani wa Mombasa tangu zamani. Alipoona watu wenye mizinga ambao wamekosana na adui yake, hakuhitaji kufikiri sana. Akawapelekea kondoo na matunda, akatoka mwenyewe kwa mashua kuonana nao, amevaa joho la thamani, ameketi chini ya mwavuli, na mbele yake wapiga siwa za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu. Da Gama kwa hofu yake hakukubali kushuka pwani. Walizungumza kila mmoja katika mashua yake, na siku tisa zikapita kwa karamu na ngoma.

Hapo palitokea jambo ambalo tunalieleza kwa sababu lina kichekesho chake. Bandarini mlikuwa na merikebu za Wahindi, na Wareno waliambiwa kwamba hao ni Wakristo. Wakawaonyesha picha ya Bikira Maria chini ya msalaba. Wahindi wale wakaanguka kifudifudi mbele yake, wakatoa karafuu na pilipili. Wareno wakafurahi mno. Wahindi hao walikuwa Wabaniani, watu wenye adabu mbele ya kila kitu kitakatifu, na Wareno wakasafiri na furaha yao pasipo kujua.

Tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa imeanza, da Gama aliondoka na rubani aliyepewa na sultani. Hatujui jina la rubani huyo kwa hakika. Wale waliosema kwamba ni Ibn Majid, mwalimu mashuhuri wa bahari, walikosea. Katika siku 26 hivi alimfikisha mbele ya Kalikuti. Njia ile ambayo Ulaya iliitafuta miaka mingi ilikuwa imo kichwani mwa mtu aliyekuwa ameketi bandarini Malindi akingojea upepo. Lakini wakati wa kurudi Wareno hawakuwa na rubani wala hawakungoja kaskazi. Wakaondoka Bara Hindi mapema Oktoba, wakahangaika baharini karibu miezi mitatu, ufizi ukiwavimba na kuoza kwa kukosa matunda, na watu kiasi cha 30 wakafa. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, kila merikebu ilikuwa na watu saba au wanane tu walioweza kufanya kazi. Sultani akawapelekea machungwa. Nao wakaomba ruhusa ya kusimamisha nguzo ya mawe yenye msalaba, iwe alama ya urafiki. Mpaka leo nguzo iko Malindi, kwenye ncha ya mwamba juu ya bahari. Msalaba ulio juu yake ni wa jiwe la Ureno, na mwili wa nguzo ni wa matumbawe.

Miaka 43 baadaye alipita hapo mgeni wa namna nyingine. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alikuwa safarini kwenda Goa mwaka 1542, na merikebu yake ilipumzika Malindi. Mtu mmoja wa chombo alikuwa amefariki, wakamzika pwani kwa sala za Kanisa, na Waislamu wa mji, asema mtakatifu katika barua yake ya tarehe 20 Septemba mwaka ule, walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Kisha mkubwa mmoja wa mji akamwuliza kama kwetu makanisa yanajaa watu, maana hapo Malindi misikiti ilikuwa 17, na iliyokuwa ikisaliwa bado ni mitatu tu, tena na watu wachache. Aliulizwa bila ugomvi, kama mtu anavyomwuliza jirani habari ya mvua. Hata sisi tungeweza kuulizwa hivyo Jumapili yoyote. Leo Malindi iko kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, na makaburi kando yake. Watu huenda huko wakimkumbuka Fransisko.

Urafiki wa Malindi na Ureno ulidumu karibu miaka mia moja. Twaweza kuuliza ulileta nini. Mombasa ilishambuliwa na kuchomwa moto mara kwa mara, Malindi haikuguswa. Lakini mwenye mizinga hatazami kwanza ni nani aliyempa machungwa, hutazama bandari. Bandari ya Malindi iko wazi na mchanga ni mwingi. Ya Mombasa ina kina na imefichwa. Mwisho Mombasa iliposhindwa, Wareno walianza kujenga ngome yao huko mwezi wa Aprili 1593, ile iitwayo Ngome ya Yesu. Nahodha mkuu wa pwani aliyekuwa akikaa Malindi akahamia Mombasa. Sultani wa Malindi naye akapewa ufalme wa Mombasa, akahama na watu wake. Bila shaka alidhani kwamba ameshinda. Mji wake wa zamani ukaanza kumea majani.

Hapa itatubidi kuifuata nyumba ya kifalme ya Malindi mpaka Mombasa, kwa kuwa huko ndiko deni lilikolipwa. Sultani Hasan bin Ahmad alikosana na nahodha wa ngome. Akakimbilia bara, upande wa Rabai, na huko akauawa mwaka 1614 na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo tu, naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadre Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jeronimo, akaoa mwanamke wa Kireno, akajifunza vita na mizinga. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo.

Twaomba msomaji atulie kidogo hapa. Kijana huyu alirudi kutawala chini ya ngome ile ile ambayo nahodha wake alikuwa amesababisha damu ya baba yake. Nahodha wa siku hizo alimdharau mbele ya watu. Inasimuliwa kwamba alionekana usiku akisali kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake, na kwamba nahodha alikusudia kumpeleka Goa ahukumiwe. Basi katika mwezi wa Agosti 1631, penye sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kusalimu, akamwua nahodha kwa mkono wake. Baadaye Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wake kwa waume, na mapadre Waagustino, waliambiwa wachague: kusilimu au kufa. Wengi walichagua kufa. Tunawaita mashahidi wa Mombasa, na haki yao ni hiyo. Walilipa deni lisilo lao.

Lakini hatupendi desturi ya waandishi wengine ya kusimulia kifo cha mashahidi na kuruka kifo cha Hasan. Aliyempa mtoto ubatizo na aliyemwua baba yake walitoka merikebu moja, na mtoto hakuweza kuwatenganisha. Wareno walirudi na jeshi, wakashindwa kuitwaa ngome. Naye Yusuf mwenyewe aliiacha mwezi wa Mei 1632 akaenda zake baharini. Hivyo ndivyo nyumba iliyompokea Vasco da Gama kwa siwa na mwavuli ilivyotoweka katika pwani.

Malindi ikalala. Waoromo walishuka kutoka kaskazini, watu wakakimbia, na mji ukawa magofu na pori kwa karne mbili. Jirani yake Gede, mji mkubwa wa mawe katikati ya msitu, uliachwa pia. Mchimbaji James Kirkman alianza kazi huko mwaka 1948, akatoa vigae vya Kichina na shanga katika visima na vyoo vya matajiri.

Aliyeifufua Malindi ni Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, mnamo miaka ya 1860. Alipeleka askari, nao wenye mali wakafuata, wakafyeka pori na kulima mtama na ufuta kwa kuuza Arabuni. Katika miaka michache wasafiri walistaajabia mashamba yasiyo na mwisho. Nani aliyelima? Watumwa, kwa maelfu. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakipitishwa Kilwa na Unguja. Sisi wa Kisangani hatuhitaji kuelezwa msafara wa watumwa ulivyokuwa. Twaongeza tu kwamba ule uliopita kwetu na ule ulioishia Malindi ulikuwa wa soko moja. Hata mkataba wa mwaka 1873 wa kukataza kusafirisha watumwa baharini haukuwafungua wale waliokuwamo mashambani. Walio na nguvu walitoroka wakajenga vijiji vyao msituni. Sheria ya utumwa haikufutwa pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, na hapo mashamba yakafa, maana mtu huru hakukubali kulima ardhi ya mwingine kwa posho ya mtama.

Wageni wa siku hizi walianza katika miaka ya 1930, walowezi kutoka bara waliotafuta upepo wa bahari na samaki wakubwa. Waitalia walifuata. Wao walijenga jukwaa baharini, huko Ngomeni kaskazini ya Malindi, wakarusha kutoka hapo setilaiti, kuanzia mwaka 1967. Moja yao ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa makusudi kwa kupeleleza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kumbe neno la Kiswahili limewahi kuzunguka dunia juu kabisa! Waitalia wengine walipenda wakabaki, na hata leo mchuuzi wa Malindi hukutajia bei kwa Kiitalia kabla hujafungua kinywa. Kanisa nalo lilikua, na mwaka 2000 Malindi ikawa jimbo lenye askofu wake, Francis Baldacchino, Mkapuchini kutoka Malta.

Na wavuvi je? Mwaka 1968 serikali ya Kenya iliifanya sehemu ya bahari ya Malindi na ya Watamu kuwa hifadhi ya taifa, miongoni mwa za kwanza za namna hiyo Afrika. Humo hairuhusiwi kuvua samaki wala kuokota hata kombe moja. Nje ya mpaka wake liko eneo jingine ambamo uvuvi wa jadi umeruhusiwa. Kwa matumbawe ilikuwa rehema. Kwa mvuvi mwenye ngalawa na madema yake ilikuwa kuambiwa kwamba shamba la babu limekuwa bustani ya kutazamwa. Ni kweli samaki wanaozaliwa hifadhini huvuka mpaka, wasijue sheria, naye huwapata huko nje. Ni kweli pia kwamba wajukuu wa wavuvi huwapeleka wageni kwa mashua zenye sakafu ya kioo, na kwamba mwaka ambao wageni hawaji kwa sababu ya vita au ugonjwa, vijana hao hawana kazi na hawakujifunza kutega dema. Tungependa kujua Wagenia wangesema nini wakizuiliwa penye maporomoko yao ili watu wa mbali waje kupiga picha.

Nayo bahari ina shida zake. Mwaka 1998 maji yalipata joto kuliko kawaida, matumbawe yakageuka meupe kama mifupa, na mengi ya pwani hiyo yakafa. Yamekuwa yakijijenga tena polepole. Tena mto Sabaki hushusha udongo mwekundu kutoka mashamba ya bara, mbali sana, watu wakikata miti na kulima miteremko. Wakati wa mvua kubwa ghuba ya Malindi huwa rangi ya chai ya maziwa, na huko chini mtu haoni mkono wake mwenyewe. Miezi hiyo ni ya kusi, ile ile iliyomchukua da Gama. Wazamiaji hukausha mapezi yao, huweka mitungi ghalani, na hungoja kaskazi.